Akiba ya Maradhi: Fedha za Matibabu katika Viunga vya Dar es Salaam

Neno akiba limetoka katika Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kile kinachofuata, yaani mwisho wa jambo. Waswahili wamelipa maana ya kitu kilichotengwa leo kwa ajili ya siku ya mbele, na methali inasema kwamba akiba haiozi. Walakini akiba hutofautiana kwa makusudi yake. Mtu huweka akiba ya arusi hali akiijua siku ya arusi. Huweka akiba ya nyumba hali kiwanja amekwisha kukiona. Akiba ya maradhi huwekwa gizani, maana mwenye kuiweka hajui ni nani atakayeugua, wala lini, wala kwa gharama gani. Kwa sababu hiyo akiba ya maradhi ni ngumu kuliko akiba zote, na aghalabu ndiyo inayotangulia kuliwa.

Makala haya yanafuata historia ya akiba hiyo katika viunga vya Dar es Salaam, hasa Temeke na Kinondoni, tangu siku za ukoloni hata sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023. Swali linaloyaongoza ni moja: Serikali inapotaka kumsaidia raia kuweka fedha za matibabu, imsaidie kwa njia gani? Katika nchi kadhaa msaada huo umetolewa kwa kusamehe kodi, yaani fedha anazozitenga mtu kwa ajili ya afya yake hazihesabiwi katika mapato yanayotozwa kodi. Wako wanaotaka njia hiyo ienezwe kwa watu wengi zaidi. Historia ya viunga hivi yaonyesha kwamba kodi haiwezi kusamehewa mtu asiyetozwa, na kwamba Tanzania ilikwisha kuwa na msaada wa namna nyingine, uliowafaa zaidi watu wa hali hiyo, lakini haukutunzwa ipasavyo.

Sadaka ya tajiri na chama cha mazishi

Hospitali iliyowahudumia Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam katika zama za Wajerumani ilitokana na sadaka ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mashuhuri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukoni, katika barabara iliyokuja kuitwa Ocean Road. Mwaka 1956 Waingereza walifungua hospitali kubwa na kuipa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru hospitali hiyo ikaitwa Muhimbili, na jina la Sewa Haji likadumu katika jengo mojawapo la wodi zake. Hivyo tangu mwanzo matibabu ya wengi yalitegemea ukarimu wa tajiri au hisani ya Serikali, na mgonjwa mwenyewe hakuwa na mfuko wowote uliotambuliwa na sheria.

Mji ulikuwa ukikua upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliwakuta watu 128,742. Ilala, Magomeni na Temeke zilipanuliwa katika miaka hiyo kuwa makao ya Waafrika, na wageni walifika kutoka Uzaramo, Rufiji, Uluguru, Upogoro na kwingineko. Watu hao walikuwa mbali na jamaa zao, na kwa ajili hiyo walianzisha vyama vya watu wa asili moja. Mwanachama alitoa ada yake, naye akiugua alitazamwa, akishindwa kazi alitafutiwa nauli ya kurudi kwao, na akifa alizikwa kwa heshima.

Yafaa kuangalia ni kazi ipi kati ya hizo vyama viliifanya vizuri zaidi. Ilikuwa ni kuzika. Sababu yake ni ya hesabu tu: gharama ya sanda, ya kuchimba kaburi na ya chakula cha matanga hujulikana, na kila mwanachama atafikwa na siku hiyo mara moja. Ugonjwa hauna kiasi. Mmoja huumwa siku tatu akapona kwa dawa ya shilingi chache, mwingine hulala mwaka mzima. Chama chenye watu mia moja maskini kiliweza kuahidi sanda. Hakikuweza kuahidi upasuaji.

Wanawake walikuwa na upatu. Watu kumi hutoa fedha sawasawa kila juma au kila mwezi, na mmoja wao hupokea zote kwa zamu. Upatu ni shule ya uaminifu, na umewapa wengi vyombo vya nyumbani, mtaji wa biashara na hata mabati ya kuezekea. Lakini mgonjwa haongojei zamu. Aliyepokea mwezi wa pili akiugua mwezi wa tatu hana tena haki katika fungu hilo mpaka mzunguko umalizike, ila kwa huruma ya wenzake. Hivyo vyombo viwili vya akiba ambavyo watu wa mjini walijitengenezea wenyewe, chama na upatu, vyote viwili viliacha pengo mahali pale pale: maradhi makubwa yasiyotazamiwa.

Miaka ya matibabu bila malipo

Baada ya uhuru mambo mawili yalitendeka ambayo yaliamua njia ya miaka mingi iliyofuata. La kwanza ni sheria ya mwaka 1964 iliyounda mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi. Mfuko huo ulifuata mtindo uliojulikana katika makoloni kadhaa ya Uingereza: mwajiri na mwajiriwa hutoa kila mwezi, fedha huandikwa kwa jina la mwajiriwa, naye huzipata atakapozeeka au atakapopoteza uwezo wa kufanya kazi. Ilikuwa akiba ya kweli, yenye sheria nyuma yake, lakini iliwahusu wenye mwajiri. Mchuuzi wa samaki hakuwamo, wala mkulima wa mihogo wa Mbagala, ambayo wakati huo ilikuwa bado shamba.

La pili ni Azimio la Arusha la Februari 1967, na siasa iliyofuata ya kuwapa watu wote matibabu bila malipo katika hospitali na zahanati za Serikali. Mwaka 1977 sheria ilikataza matibabu ya binafsi kwa faida, na yakabaki ya Serikali na ya mashirika ya dini na ya hisani. Zahanati na vituo vya afya viliongezeka, na hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana zikawa tegemeo la wilaya tatu za mji. Katika hali hiyo akiba ya maradhi ilionekana kama neno la zamani. Kwa nini mtu atenge fedha kwa kitu ambacho Taifa limekwisha kumwahidi?

Ahadi hiyo ilikuwa njema, na wako wengi walioponywa nayo. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi uliingia mashakani. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kuanguka kwa bei za mazao viliikausha hazina ya Serikali. Katika miaka ya 1980 mgonjwa aliweza kumwona daktari bila kulipa, akaandikiwa cheti cha dawa, na dawa zisiwepo. Hapo jamaa zake walizitafuta kwa fedha. Malipo, ambayo sheria ilikuwa imeyatoa mlangoni, yalirudi kwa dirishani, na yakamkuta mwananchi hana mfuko uliotengwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa kwa muda wa miaka ishirini aliambiwa kwamba hauhitajiwi.

Mwaka wa ada

Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa ili kuruhusu tena matibabu ya binafsi, na kuanzia mwaka 1993 ada zilianza kutozwa kwa awamu katika hospitali za Serikali, kwanza zile kubwa, kisha za mikoa na za wilaya. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na maskini wasio na uwezo walisamehewa kwa maandishi. Katika utekelezaji msamaha wa maskini ulikuwa mgumu, kwa sababu umaskini hauna alama usoni, na karani wa dirishani hana mizani ya kuupimia.

Ada hizo ziliwajia watu wa viunga katika wakati mbaya. Viwanda na mashirika ya umma yalikuwa yakipunguza wafanyakazi au kufungwa, na pamoja na kazi zilipotea haki za matibabu ambazo mwajiri alikuwa akizigharimia. Watu waliingia katika kazi za kujiajiri: useremala, uchomeleaji, ushonaji, uuzaji wa mitumba, upishi wa barabarani. Lugha ya ofisi ikaziita kazi hizo sekta isiyo rasmi, jina linaloeleza zaidi haja ya mwandishi wa takwimu kuliko maisha ya fundi.

Katikati ya miaka ya 1990 watu hao walifanya jaribio linalostahili kukumbukwa. Kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, vikundi vya mafundi na wachuuzi wa Dar es Salaam viliunda UMASIDA, ufupisho wa Umoja wa Matibabu Sekta Isiyo Rasmi Dar es Salaam. Kila mwanachama alitoa kidogo kidogo kwa kikundi chake, na umoja ukafanya mapatano na zahanati za binafsi ili wanachama na jamaa zao watibiwe. Jambo jipya hapa lilikuwa kuunganisha vikundi. Kikundi kimoja cha washonaji hakiwezi kubeba upasuaji. Vikundi vingi pamoja vyaweza. Wanachama wa UMASIDA walitambua kwa matendo kile ambacho vyama vya mazishi havikuweza kukivuka: akiba ya mtu mmoja haitoshi kwa maradhi makubwa, ila akiba za watu wengi, zikiwekwa pamoja na wazima wakakubali kumlipia mgonjwa, huenda zikatosha. Lakini umoja huo haukuwa na ruzuku ya kudumu, wala sheria iliyoulazimisha upande wowote kuuchangia, na haukupata kuenea katika mji mzima.

Milango miwili

Mwishoni mwa muongo huo Serikali iliingia katika kazi hiyo kwa sheria mbili. Sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mchango ulikuwa asilimia sita ya mshahara, nusu kutoka kwa mtumishi na nusu kutoka kwa mwajiri. Kadhalika mwaka 2001 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, baada ya majaribio yaliyoanza Igunga mwaka 1995. Huko kaya ililipa kiasi kimoja kwa mwaka na kupewa kadi ya kutibiwa katika vituo vya wilaya yao. Katika miji mfuko wa namna hiyo uliitwa TIKA, yaani Tiba kwa Kadi.

Ndani ya Mfuko wa Afya ya Jamii mlikuwa na kanuni ambayo watu waliipa jina la Kiswahili chepesi, tele kwa tele. Maana yake ni kwamba kila shilingi iliyochangwa na wananchi ilipaswa kuongezwa shilingi nyingine na Serikali. Wakichanga milioni moja, mfuko huwa na milioni mbili. Kanuni hii ndiyo kiini cha makala haya, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo fedha za kodi zilimfikia mtu asiye na mshahara, tena zikamfikia kwa kadiri ya juhudi yake mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye ikaja Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Sheria hiyo iliweka kwamba matibabu ambayo mwajiri anamgharimia mfanyakazi, pamoja na bima ya matibabu anayomlipia, hayahesabiwi katika mapato ya mfanyakazi yanayotozwa kodi, maadam yanatolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi, na yanamhusu mfanyakazi, mwenzi wake wa ndoa na watoto wao wasiozidi wanne. Kwa maneno mengine, Serikali iliacha kuchukua sehemu yake katika fedha hizo. Huo ni msaada wa Serikali sawa na ruzuku, ijapokuwa hauonekani katika vitabu vya matumizi.

Basi ikawapo milango miwili. Kwa mlango wa kwanza aliingia mwenye mwajiri, na msaada wake ulikuwa wa hakika, kwa kuwa kodi isiyokatwa haihitaji kuombwa. Kwa mlango wa pili alitazamiwa kuingia asiye na mwajiri, na msaada wake ulihitaji halmashauri ikusanye michango, iandike hesabu, iombe fungu la tele kwa tele, kisha ingoje. Tofauti hiyo ya namna ya kupata msaada ilikuwa na nguvu kuliko tofauti ya kiasi. Halmashauri zilizochelewa kuomba zilikosa, na kituo kilichokosa fedha kilikosa dawa. Mwanachama aliyeonyesha kadi akaambiwa dawa hakuna, mwaka wa pili hakuilipia tena.

Katika Dar es Salaam taabu iliongezwa na hali ya mji wenyewe. Mfuko ulikuwa umefikiriwa kwa ajili ya kijiji, ambako kaya hujulikana na zahanati ni moja. Mtu wa Tandika hutafuta riziki Kariakoo, huugulia popote, na akitoka nyumbani hukutana na maduka ya dawa na zahanati za binafsi kabla ya kufika kituo cha Serikali. Mfuko ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 na kuitwa CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu sita katika mikoa mingine ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Katika Dar es Salaam ilitakiwa kulipa 150,000. Matibabu ya mjini ni ghali, na huenda tofauti hiyo ilikuwa ya haki kwa hesabu ya vitabu. Lakini mama lishe wa Mbagala hapati faida mara tano ya ile ya mkulima wa Igunga, wala hawezi kutoa fedha hizo kwa mkupuo mmoja hali kipato chake huja kwa siku.

Sanduku na simu

Wakati mifuko ya Serikali ilipokuwa ikitafuta wanachama, wananchi walikuwa wakijaza masanduku yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulienea nchini mtindo wa vikoba, uliotokana na vikundi vya akiba vilivyoanzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991. Wanachama hukutana kila juma, hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Pembeni ya hisa huwapo fungu dogo linaloitwa mfuko wa jamii, ambamo kila mwanachama hutia kiasi sawa kwa ajili ya misiba na maradhi.

Ukiutazama mfuko huo wa jamii utaona chama cha mazishi cha mwaka 1957 kikiendelea kuishi. Umekuwa bora kwa nidhamu na maandishi, lakini mpaka wake ni ule ule: hutoa mkono wa pole na nauli ya kwenda hospitali, hautoi gharama ya kulazwa mwezi mzima. Kilichobaki hutolewa katika mtaji. Cherehani huuzwa, pikipiki huwekwa rehani, mzigo wa mitumba haununuliwi tena. Nyumba nyingi za viunga zimerudi nyuma kwa njia hiyo, si kwa uvivu wala kwa anasa, bali kwa homa moja iliyokuja kabla ya wakati.

Tangu mwaka 2008 simu nayo imekuwa kibubu cha watu wengi. Mgonjwa akilazwa Temeke, ndugu wa Mtwara, wa Tanga na wa Mwanza humtumia fedha kwa saa moja. Ndipo tarehe 15 Julai 2021 Serikali ilipoanza kutoza tozo juu ya fedha zinazotumwa na kutolewa kwa simu. Tozo hiyo haikutazama fedha zinakwenda wapi. Mchango wa ndugu kwa ajili ya upasuaji ulitozwa sawa na malipo ya biashara. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba ya mwaka huo huo ilipunguzwa kwa asilimia thelathini, kisha ikapunguzwa tena katika miaka iliyofuata. Jambo la kukumbukwa ni mlinganisho wake. Bima ya mwenye mwajiri ilikuwa imesamehewa kodi tangu mwaka 2004. Mchango wa matibabu wa asiye na mwajiri uliongezewa tozo mwaka 2021. Hapana mtunga sheria aliyekusudia kuiweka milango hiyo miwili namna hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mifano ya nchi nyingine

Akiba ya afya iliyosamehewa kodi imejaribiwa kwingineko kwa namna mbalimbali. Singapore ilikuwa na mfuko wa akiba ya wafanyakazi tangu mwaka 1955, wa mtindo ule ule wa makoloni ya Uingereza uliofuatwa na Tanzania. Mwaka 1984 nchi hiyo ilitenga sehemu ya akiba ya kila mfanyakazi, ikaiita Medisave, itumike kwa gharama za hospitali za mwenyewe na za jamaa zake. Tanzania haikufuata njia hiyo. Mwaka 1997 mfuko wake ulifanywa kuwa wa hifadhi ya jamii, wenye pensheni.

Marekani iliruhusu kwa sheria ya mwaka 2003 akaunti za akiba ya afya ambazo fedha zake husamehewa kodi zinapoingia, zinapozaa faida na zinapotoka kulipia matibabu. Mwenye akaunti alitakiwa awe na bima inayomwachia kulipa mwenyewe sehemu kubwa ya mwanzo. Mwaka 2025 sheria nyingine ilipanua aina za bima zinazomruhusu mtu kufungua akaunti hiyo. Huko mjadala haujaisha, kwa kuwa msamaha wa kodi humfaidia zaidi mwenye mapato makubwa, naye ndiye mwenye ziada ya kuweka.

Karibu zaidi, Kenya humpunguzia kodi mlipa kodi anayelipa bima, na sheria ya mwishoni mwa mwaka 2024 iliruhusu mchango wa mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu upunguzwe katika mapato yanayotozwa, hata kufikia shilingi za Kenya 15,000 kwa mwezi. Hiyo ni njia ya wenye mishahara. Lakini mwaka 2016 ulianzishwa huko mfuko wa simu uitwao M-Tiba, ambamo mtu huweka fedha zinazoweza kutumika katika vituo vya afya vilivyoandikishwa tu, na mwingine, awe ndugu au mfadhili, aweza kumwongezea. Mfuko huo hauulizi hati ya mshahara. Wamfaa mchuuzi kwa sababu hupokea kidogo kidogo, kama mapato yake yanavyokuja.

Hesabu ya msamaha

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sheria ya Tanzania ingemruhusu kila mtu kutenga shilingi 150,000 kwa mwaka kwa ajili ya afya, na fedha hizo zisitozwe kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyowekwa Julai 2021, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi. Sehemu inayofuata, hata 520,000, hutozwa asilimia nane. Na sehemu inayozidi shilingi milioni moja hutozwa asilimia thelathini. Mwenye mshahara mkubwa angepata msaada wa shilingi 45,000. Karani wa daraja la chini angepata 12,000. Mlinzi wa usiku alipwaye 200,000 asingepata kitu.

Na dereva wa bodaboda wa Tandale, au mshonaji wa Keko? Mfanyabiashara mdogo asiyetunza vitabu vya hesabu hutozwa kodi kwa makadirio ya mauzo yake, si kwa faida. Mahali ambapo gharama hazitolewi katika hesabu, mchango wa afya nao hauna mahali pa kutolewa. Msamaha huo ungempita kama mvua inyeshayo ng'ambo ya mto.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mtu huyo halipi kodi. Hulipa kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza mwaka 1998, kila anunuapo bidhaa inayotozwa. Hulipa ushuru wa soko. Hulipa kodi iliyomo katika kila lita ya petroli. Analipa bila jina lake kuandikwa popote, na kwa hiyo hakuna daftari ambalo msamaha wake ungeandikwa. Njia ya kumrudishia sehemu ya fedha hizo ni kuiongeza katika mfuko wake pale anapochanga. Chini ya tele kwa tele, shilingi 150,000 za kaya ya Mbagala zingeongezwa 150,000, na za kaya ya ofisa zisingeongezwa zaidi. Msamaha wa kodi hufuata ukubwa wa mshahara. Tele kwa tele hufuata mchango.

Wako watakaosema kwamba kanuni hiyo ilikwisha kujaribiwa na kushindwa. Jibu ni kwamba kilichoshindwa ni ucheleweshaji wa fedha, upungufu wa dawa na malipo ya mkupuo, si kanuni yenyewe. Pia yafaa kukiri hatari nyingine. Uchangiaji wa hiari huwavuta kwanza walio wagonjwa. Mfuko wa Taifa ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, kwa maelezo kwamba wengi walioandikishwa walikuwa wagonjwa tayari na matumizi yalizidi michango. Mzazi aliyemwandikisha mtoto mgonjwa hakufanya kosa, lakini mfuko wa wagonjwa watupu hauwezi kusimama. UMASIDA ilikuwa na dawa ya ugonjwa huo: kuandikisha kikundi kizima, wazima na wagonjwa pamoja.

Sheria ya mwaka 2023

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Sheria hiyo ilichagua upande katika swali la makala haya. Haikuweka akaunti za akiba zenye msamaha wa kodi. Iliweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na kuutajia vyanzo, miongoni mwavyo sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye gesi, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, na tozo ya miamala ya kielektroniki. Hivyo ile tozo ya simu, iliyokuwa imekata mchango wa mgonjwa, ilipewa na sheria nafasi ya kumrudia mgonjwa. Huo ni mwelekeo mwema.

Lakini kati ya maskini asiye na uwezo kabisa na mfanyakazi mwenye mwajiri wako watu wengi wa Temeke na Kinondoni, katika mji ambao hesabu ya mwaka 2022 iliwakuta watu 5,383,728. Hawa si maskini wa kuandikwa katika daftari la msamaha, wala si wenye mishahara wa kukatwa mwisho wa mwezi. Wanacho kidogo kila siku, na wana mazoea ya kukitunza yaliyorithiwa tangu upatu. Kwao mkupuo wa mwaka ni mlima, na shilingi mia tano za kila siku ni njia tambarare. Kikundi chao kimekwisha kuwapo na kitabu chao kimekwisha kuandikwa. Simu ya kupokelea michango wanayo mfukoni. Kinachokosekana ni mkono wa pili wa kutia shilingi pale wanapotia shilingi, tena kwa wakati, na kituo chenye dawa siku mwanachama atakapokileta kile alichokitunza.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakilipii upasuaji. Watu wa viunga walilijua hilo tangu walipokuwa wakihesabu gharama ya sanda katika vyama vyao vya Ilala na Temeke. Walitimiza sehemu yao ya mapatano kabla sheria yoyote haijatungwa, na wanaendelea kuitimiza kila juma sanduku linapofunguliwa.